Neno la Kingereza Linakatwa Wapi?



Wanafunzi wa sekondere wanauliza sana ulizo hili: "Kama ninaandika Kingereza mu kaye, na mustari unaisha mbele neno liishe, nitalikata wapi?" Wengine wanaona ni ulizo la bure. Wanasema: weka kamustari fasi yoyote, shuka chini, endelea. Mu Kiswahili unaweza karibu kufanya vile, na hakuna mutu atapotea. Lakini mu Kingereza, fasi yenye unakata neno inamwambia musomaji namna atalitamka, na mara zingine inamwambia hata maana yake. Kijana mwenye anatafuta kazi katika kompani yenye inaandika makaratasi yake kwa Kingereza, ao shofere wa kamyo mwenye anavuka Kasumbalesa kwenda Zambia, kule Kingereza njo lugha ya serikali, anakutana na jambo hili mara kwa mara, hata kama hajui linaitwa namna gani.

Tuanzie nyumbani. Mu Kiswahili kila kipande cha neno, chenye walimu wanaita silabe, kinaishia na voyeli, ni kusema a, e, i, o ao u. Ki-ta-bu. Ma-ka-la. Sha-ba. Mutoto wa mwaka wa kwanza anaweza kupiga mikono kwa kila silabe bila kukosea. Jambo moja tu linaomba uangalifu: herufi zenye zinatembea mbili mbili, kama mb, nd, ng na nj, hazitenganishwi. Tunakata nyu-mba na ki-ta-nda. Kuko wenye, juu ya kuzoea Kifaransa, wanaandika nyum juu na ba chini. Ni muzuri kuacha zoezo hilo. Wenzetu wa pwani, Tanzania na Kenya, wanaandika mtu, na ile m peke yake inakuwa silabe nzima, m-tu. Sisi tunasema mu-tu, basi kwetu kanuni ni nyepesi hata kupita yao.

Kifaransa nacho kinakubaliana na Kiswahili kwa jambo kubwa: konsone moja ikiwa katikati ya voyeli mbili, inaenda na voyeli yenye inafuata. Ca-pi-tal. Mé-tal. Mi-né-ral. Sasa mufikirie mutoto wetu: lugha ya nyumbani inamwambia vile, lugha ya masomo inamwambia vile vile. Siku moja anafungua diksionere ya Kingereza yenye ilichapwa Marekani, na anakuta maneno yale yale matatu yamekatwa hivi: cap-i-tal, met-al, min-er-al. Konsone imebakia na voyeli ya kwanza! Anafikiri ni kosa la mashini ya kuchapa. Hapana, haiko kosa.

Sababu yenyewe ni hii. Mu Kiswahili i ni i, leo na kesho. Mu Kingereza kila voyeli iko na sauti mbili kubwa, moja ndefu na moja fupi, pamoja na zingine zenye hatutagusa leo. I ndefu inasomwa ai, na i fupi inasomwa karibu kama i yetu. E ndefu inasomwa ii. A ndefu inasomwa ei, na o ndefu inasomwa ou. Sasa nani anaamua kama sauti itakuwa ndefu ao fupi? Mara mingi ni silabe. Kama silabe inaishia na voyeli, ni kama mulango wa wazi: sauti inatoka na kwenda mbali. Kama konsone imefunga nyuma yake, mulango umefungwa, na sauti inakatika mbio.

Chukua jina la Biblia. Kingereza kinakata Bi-ble, na tunatamka baibol. Lakini biblical, maana yake jambo la Biblia, linakatwa bib-li-cal, na mwanzo wake ni bib, kwa ufupi. Holy, maana yake takatifu, ni ho-ly, unasema houli. Holiday, sikukuu ao konje, lilizaliwa na neno lile lile, juu zamani ilikuwa "siku takatifu". Lakini leo linakatwa hol-i-day, na mutu anasema holidei. Final ni fi-nal, fainol. Finish ni fin-ish. Soma haya kwa sauti, usisome kwa macho tu. Bila sauti somo la leo halitaingia.

Sasa rudia kwa met-al. Mutu akiandika me kwenye mwisho wa mustari, Mwingereza mwenye kusoma anaona mulango wa wazi, na kinywa chake kinaanza kusema mii. Macho yanashuka, yanakuta tal, na inaomba arudie nyuma kutengeneza sauti. Ni kitu kidogo, sekunde moja. Lakini barua yenye kuwa na sekunde kama hizo kumi inachokesha, na mwenye kuisoma anaiweka pembeni bila hata kujua vizuri sababu gani.

Kuko tena jambo la nguvu ya sauti. Kiswahili kinapiga nguvu kwenye silabe ya pili kuhesabu kutoka mwisho, karibu kila mara: ki-TA-bu, ma-KA-la. Nguvu ya Kingereza inahamahama kama mupangaji mwenye hana nyumba. Photograph ni picha. Nguvu iko mwanzo, na neno linakatwa pho-to-graph. Photographer ni mupiga picha. Nguvu imehamia katikati, na kistari kimehama pamoja nayo: pho-tog-ra-pher. Angalia ile g. Mu neno la kwanza ilikuwa mwanzo wa graph. Mu neno la pili imevutwa na silabe yenye nguvu na kuwa mwisho wa tog. Familia ni moja, herufi ni karibu zile zile, lakini mwenye kukata kwa macho atakosa moja kati ya yale mawili.

Mambo haya hayakushuka kutoka mbinguni, watu waliyabishania. Katika mwaka 1740, mwalimu mumoja wa Uingereza, Thomas Dilworth, alitoa kitabu cha kufundisha kusoma, na kwa miaka mingi watoto wa Uingereza na wa makoloni yake ya Amerika walijifunza nacho. Ndani yake kulikuwa kanuni ya zamani, yenye ingetufurahisha sisi: konsone inaenda na voyeli yenye inafuata. Walikata ha-bit, clu-ster, bi-shop. Katika mwaka 1783, mwalimu kijana wa Connecticut, Noah Webster, mwenye hakufikia hata miaka 30, alitoa kitabu chake na kupinga jambo hilo. Yeye aliona kwamba mutoto mwenye anajifunza kutamka silabe moja moja anapotezwa na kanuni ile ya zamani. Na ni kweli: ukimupa bi-shop atasema baishop, na hakuna askofu mwenye anaitwa vile. Webster akakata hab-it, clus-ter, bish-op. Alifuata sikio. Kitabu chake chenye ngozi ya rangi ya bulu kiliuzishwa kwa mamilioni, na katika mwaka 1828 alitoa diksionere kubwa ya maneno karibu 70,000. Mpaka leo Wamarekani wanakata maneno kwa njia yake. Ni yeye pia alifanya waandike color bila u, fasi Waingereza wanaandika colour.

Waingereza hawakumufuata kwa yote. Wachapaji wao walipenda kuangalia muzizi wa neno: neno lilitoka wapi, na vipande gani viliungwa ili lizaliwe. Katika mwaka 1893, Horace Hart, mukubwa wa kiwanda cha kuchapa vitabu cha Universite ya Oxford, aliandikia wafanyakazi wake kitabu kidogo cha kanuni. Kitabu kile kilikua na kusambaa, na wachapaji wa inchi nyingi wakakitumia. Kwa njia ya muzizi, knowledge, maana yake ujuzi, ni know-ledge, juu know ni kujua. Kwa njia ya sikio ni knowl-edge, juu kinywa kinasema nol-ij, hakisemi nou-lej. Democracy ni demo-cracy kwa muzizi, kwani demos na kratos ni maneno ya Kigiriki, watu na utawala. Kwa sikio ni democ-racy. Leo hata Uingereza njia mbili zinachanganyikana, na usishangae kuona kitabu cha London chenye kinakata kama cha Chicago.

Muzizi peke yake unaweza kukupeleka mbali sana. Neno helicopter, ile ndege yenye kupanda wima, liliungwa na maneno mawili ya Kigiriki: helix, kitu cha kuzunguka, na pteron, bawa. Kwa kufuata muzizi kabisa, ingefaa kukata helico-pter! Lakini watu wote wanasema heli na copter, kama vile hayo njo maneno mawili, mpaka wameyatumia kufanya maneno mengine mapya. Mugiriki wa zamani angecheka.

Ukiniuliza mimi, kwa mutu mwenye bado anajifunza, njia ya Webster ni nzuri zaidi, sababu kila kistari kinamufundisha kutamka. Njia ya muzizi inafaa mutu mwenye amekwisha kujua neno. Lakini hakuna mutu anaweza kushika njia moja na kutupa ingine kabisa, na ushuhuda wake unapatikana mu kazi ya kwetu yenyewe, kazi ya mugodi.

Sikiliza. Miner ni mufanyakazi wa mugodi. Minor ni kitu kidogo, ao mutoto mwenye hajafikia miaka ya ukubwa. Maneno haya mawili yanatamkwa sawasawa kabisa: mainer. Ukifumba macho huwezi kuyatofautisha. Lakini diksionere ya Wamarekani wenyewe, wale wa sikio, inakata la kwanza min-er na la pili mi-nor. Juu ya nini? Minor inafuata sikio: i ni ndefu, mulango uko wazi. Miner inafuata muzizi: mine ni mugodi, er ni mwenye kufanya kazi, na muzizi unabakia muzima mbele ya er. Kisha kunakuja mineral, nayo ni min-er-al, na huku i ni fupi, min kweli. Basi kipande min kiko juu ya mustari, na kinaweza kutamkwa main ao min, kufuata chenye kinakuja chini. Mashimo ni moja, muziki ni mbili. Mwanafunzi mwenye ameelewa maneno haya matatu ameelewa vita yote kati ya sikio na muzizi.

Sasa tufike kwa maneno yenye kuandikwa na herufi zile zile. Record, kama ni jina la kitu, ni rekodi ao maandishi yenye kuwekwa, na inakatwa rec-ord. Kama ni tendo, kuandika ao kurekodi, nguvu inahama na tunakata re-cord, rikod. Present ya zawadi ni pres-ent. Present ya kutoa kitu mbele ya watu ni pre-sent. Minute ya saa ni min-ute, minit. Lakini minute yenye maana ya kitu kidogo sana ni mi-nute, mainyut. Desert ya muchanga na jua kali ni des-ert. De-sert ni kukimbia na kuacha wenzako, kama askari mwenye anatoroka. Na hili, lenye linapatikana mu makaratasi: invalid. Ukikata in-va-lid, ni mutu mugonjwa ao kilema. Ukikata in-val-id, ni karatasi yenye haina nguvu tena, kama paspoti yenye imepitwa na siku. Herufi ni saba katika yote mawili, hakuna hata moja imebadilika. Mutu mwenye anasoma in-va kwenye mwisho wa mustari amekwisha kuanza kumuhurumia mugonjwa, na kumbe wanazungumuzia paspoti yake.

Wazazi wengine watasema: ni mambo ya masomo tu. Basi ngoja tuweke mbele yao karatasi ya kazi. Neno resign, bila kistari, linasomwa rizain, na maana yake ni kuacha kazi kwa mapenzi yako. Re-sign, na kistari cha kudumu, linasomwa rii-sain, na maana yake ni kutia sinyatire mara ya pili, kama vile kurudilia kontra. Ni mambo mawili yenye kupingana: moja inakutoa mu kazi, ingine inakurudisha. Sasa mufikirie barua yenye mwisho wa mustari ni re na kistari, na mustari wa chini unaanza na sign. Kile kistari ni cha kukata neno tu, ao ni cha neno lenyewe? Macho hayawezi kujibu. Juu ya hiyo wachapaji wenye akili wanaacha neno hilo nzima, wanalishusha lote chini. Ni vile vile kwa recover, kupona, na re-cover, kufunika tena. Na kwa reform na re-form. Kijana, kama karatasi iko na neno la namna hiyo na wanakuomba sinyatire, uliza kwa kinywa: "Neno hili linasema nibakie ao nitoke?" Hakuna haya ya kuuliza.

Kuko neno lingine lenye wafanyakazi wa mugodi watapenda: unionized. Umupe mutu wa laboratware, atasoma un-ionized: kitu chenye hakina iyoni, ni kusema chembe zake hazikupata nguvu ya umeme. Umupe mutu wa sindika, atasoma union-ized: wafanyakazi wenye wameingia mu sindika. Wote wawili hawakukosea. Kila mumoja amekata neno kufuata kazi yake.

Lakini lenye linapita yote kwa uzito ni inflammable. Sisi wenye tunasoma Kifaransa hatupotei hapa: tunajua inflammable ni kitu chenye kinawaka mbio, kama esanse, na chenye hakiwezi kuwaka kinaitwa ininflammable. Mu Kingereza neno ni lile lile la Kilatini, na linakatwa in-flam-ma-ble. Lakini Waingereza na Wamarekani wako na maneno mengi yenye in mbele yake ni kusema "hapana": visible ni chenye kuonekana, invisible ni chenye hakionekani. Basi mutu anaona in, anaikata kichwani mwake, na anaelewa: "hakiwaki." Anawasha sigara karibu na pipa. Hatari ilikuwa kubwa mpaka, katika miaka ya 1920, shirika la Marekani la kukinga watu na moto liliomba viwanda viache kuandika inflammable, viandike flammable tu. Ni hiyo njo unaona leo kwenye mapipa na makamyo mengi. Ukikuta moja ao ingine, flammable ao inflammable, ujue ni kitu kimoja: kinawaka! Mama mwenye anauzisha mafuta mbele ya nyumba afundishe watoto wake maneno haya mawili pamoja, haiko moja moja.

Kisha hayo mazito, kuko maneno ya kuchekesha. Manslaughter ni kuua mutu bila kukusudia, neno la tribinali, linakatwa man-slaugh-ter. Mutu akikosea na kuandika mans juu, chini kunabakia laughter, yenye maana yake ni kicheko. Na legend, hadisi ya zamani, diksionere inalikata leg-end, ni kusema "muguu" na "mwisho". Hapa hakuna kosa hata kidogo, kanuni imefuatwa muzuri, na bado musomaji anaona mwisho wa muguu.

Tupite mbio kwa kanuni zenye hazina mabishano. Neno lenye silabe moja halikatwi hata likuwe refu namna gani. Strength, maana yake nguvu, liko na herufi 8 na voyeli moja tu. Ni silabe moja, basi halikatwi. Na hapa watu wa kwetu wanapotea sana, sababu mu Kiswahili ukihesabu voyeli umekwisha kuhesabu silabe. Mu Kingereza hesabu ile inakudanganya. Make iko na voyeli mbili na silabe moja. People iko na herufi za voyeli tatu na silabe mbili, peo-ple. Walked, alitembea, si wal-ked. Kinywa kinasema wokt, mara moja, na halikatwi. Tena, usiache herufi moja peke yake juu ya mustari. About na open yako na silabe mbili kinywani, lakini mu kitabu hayakatwi, juu ile a ao o ingebakia peke yake kama mutoto mwenye wamesahau mu gare. Kwa upande wa chini, wachapaji wazuri hawashushi herufi mbili tu. Wanataka tatu ao zaidi.

Mashini nazo zilijaribu. Katika mwaka 1983, mwanafunzi wa Universite ya Stanford huko Marekani, Franklin Liang, alimaliza kazi yake ya udaktari juu ya jambo hili moja: namna gani ordinatere itakata maneno ya Kingereza yenyewe. Mwalimu wake alikuwa Donald Knuth, mwenye alitengeneza programu ya kupanga vitabu yenye kuitwa TeX. Liang hakuiambia mashini kanuni za walimu. Alichukua diksionere yenye maneno yamekatwa, akaacha mashini itafute yenyewe makundi ya herufi: hapa kistari kinakubaliwa, hapa kinakatazwa. Ilipata makundi 4,447. Kwa makundi hayo inapata karibu vistari 89 juu ya 100 vya diksionere ile, na karibu haiweki hata kimoja fasi ya makosa. Vile 11 vyenye kubakia, inaviacha. Ni heri kunyamaza kuliko kukosea.

Lakini walipomaliza, iliomba tena kuandika maneno 14 pembeni, yenye makundi hayakuweza kuyatendea sawasawa. Kati ya hayo 14 kuko present na project, pamoja na wingi wao. Mashini haijui kama ni zawadi ao ni kutoa, haijui kama ni mupango ao ni kutupa mbele. Inaona herufi tu, haina sikio. Basi wakaiagiza: haya usiyakate kamwe, yashushe mazima. Programu nyingi zenye kupanga vitabu na magazeti leo zinatumia bado njia ya Liang.

Na sisi wenye kalamu? Kwanza, tafuta diksionere yenye iko na vinukta katikati ya herufi za neno, kama met·al. Vile vinukta havikuwekwa kwa mapambo. Vinasema hapa unaweza kukata. Angalia kama ilichapwa Uingereza ao Marekani, na shika moja tu mpaka mwisho wa barua. Kama kuko vinukta viwili ao vitatu, chagua chenye kinaacha neno likitambulikana juu. Pili, kama diksionere haiko, usikate. Shusha neno nzima, acha fasi ya wazi kwenye mwisho wa mustari. Walimu wengine wanapunguza alama kwa sababu mistari haifikii pembeni ya kaye. Kwa Kingereza, naomba waache vile, juu mustari mufupi haumudanganyi mutu. Na mwenye anaandika na telefone hana shida hii, kwani mara mingi telefone inashusha neno nzima yenyewe.

Kazi ya mwezi huu, kwa vijana na kwa papa ao mama mwenye anapenda: tamkeni maneno haya kwa sauti, kisha mukate kwa njia ya sikio. River, paper, seven, copper, cobalt, tiger, natural, nature. Kati yake kuko moja lenye Kifaransa, Kiswahili na Kingereza yote matatu yanalikata fasi moja. Mutafute ni lipi. Majibu mutayapata katika toleo linalofuata.